Povu la Whiskey Sour linanikatalia, wageni ni Jumamosi. Naomba ushauri

Nahodha_T
Wakuu, habari za usiku. Nimekwama. Nataka kuwapa wageni Whiskey Sour nyumbani, ile yenye povu jeupe juu. Leo nimejaribu mara tatu. Povu linakuja jembamba, dakika moja limekwisha. Vipimo kwa kila glasi: wiski mililita 60, maji ya limau 30, shira 20, na ute wa yai moja. Nakosea wapi? Tafadhali nijibuni vizuri, jambo hili ni zito kwangu.

Fundi_Barafu
Vipimo havina neno. Angalia unavyotikisa. Kwanza tikisa bila barafu, sekunde 15 hivi, mpaka mkono uchoke, ili ute ushike hewa. Kisha tia barafu utikise tena mpaka chombo kikuume vidole kwa baridi. Chuja, acha glasi itulie. Povu litapanda lenyewe, unene wa kidole.

Mama_Tunu
Mwanangu, mimi ningewapa juisi. Marehemu baba watoto alianza na glasi moja ya kupendezesha wageni. Nisiseme mengi, ila nakuombea.

Kipimo_Kamili
Yai la nini, mkuu? Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, New York, lilieleza kokteli kuwa ni pombe kali, sukari, maji na bita, yale matone machungu ya mitishamba. Hiyo ndiyo Old Fashioned, nami sijawahi kuiacha. Sukari kijiko cha chai, bita kidogo, maji kidogo, saga mpaka iyeyuke, wiski 60, bonge moja kubwa la barafu. Koroga, usitikise. Kamulia ganda la chungwa juu yake uone mafuta yanavyorukia glasi. Bonge kubwa huyeyuka polepole, kinywaji hakipoozi ladha. Mke wangu alinikubali kwa glasi hiyo.

Dada_Zena
Umesema limau, una hakika si ndimu? Mimi niliwahi kuchanganya, ikatoka chungu mpaka dada yangu akakunja uso mezani.

Nahodha_T
Ni limau, dada. Fundi, nimetikisa kama ulivyosema, bado.

Fundi_Barafu
Yai ulilivunja saa ngapi?

Nahodha_T
Si leo.

Fundi_Barafu
Ndugu yangu, sema yote, tusizungushane.

Nahodha_T
Nilichanganya jagi zima juzi, la watu wanane. Wiski, limau, shira, mayai, vyote. Leo nimekuwa nachota humo na kutikisa. Nimelifunika kwa kitambaa, liko mezani, friji yangu imejaa. Ila wiski ni asilimia 40, hakuna kijidudu kinachopona humo, na limau nalo ni kali. Kwa hiyo swali langu linabaki ni povu.

Fundi_Barafu
Chupa ndiyo yenye 40, jagi halina. Piga hesabu: mililita 60 za wiski zina 24 za kileo. Ongeza limau, shira na ute, unakaribia mililita 140. Hiyo ni kama asilimia 17. Usitegemee kileo hicho wala limau kuua salmonela kwenye yai bichi lililokaa nje siku mbili. Hata povu limekufa kwa sababu hiyohiyo: tindikali na kileo vimeugandisha ute. Mwaga.

Nahodha_T
Kumwaga siwezi. Mgeni mkubwa ni shemeji, kaka wa mchumba wangu, na ndiye aliyekitaja kinywaji hiki. Sitaki anikute nahangaika jikoni wakati wenzangu wamekaa. Nikichuja kwa kitambaa safi, je?

Mbishi_Mpole
Wakuu, uzi huu wa kutunga. Mtu ana shemeji, mchumba, jagi la siku mbili, na bado anauliza povu? Akaunti yenyewe ya leo. Atarudi kesho kusema shemeji kalazwa.

Dada_Zena
Hata mimi nimeanza kujiuliza.

Nahodha_T
Nimejiunga leo kwa sababu leo ndiyo nimekwama. Nimefunua jagi sasa hivi. Juu kuna maji ya njano, mepesi. Chini kuna nyuzi nyeupe kama yai lililomwagika kwenye maji ya moto, nikisogeza jagi zinazunguka taratibu. Pembeni kwenye kioo kuna mstari wa povu lililokauka. Harufu ya limau imekwisha. Atungaye hadithi angejipa jagi zuri zaidi.

Mama_Tunu
Umeyaonja hayo, mwanangu? Tumbo linasemaje?

Nahodha_T
Vijiko vitatu, mama. Tumbo liko kimya mpaka sasa.

Mama_Tunu
Ukianza kuhara au homa ikipanda, kunywa maji kwa wingi na uende hospitali. Usione haya kwa sababu ya shemeji.

Mbishi_Mpole
Nyuzi hizo nimewahi kuziona kwa macho yangu. Nisamehe, mkuu.

Fundi_Barafu
Bado kuna muda. Wiski na shira changanya mapema, havina shida. Limau kamua siku hiyohiyo. Ute tia glasi kwa glasi, wa mayai yaliyopasteurishwa, yaani yaliyopashwa moto kuua vijidudu, kama unayapata, au acha kabisa. Sour bila yai ni Sour. Wiski imebaki kiasi gani?

Nahodha_T
Chupa ilikuwa ya 700, jagi limekula 480.

Kipimo_Kamili
220. Hizo ni glasi tatu, na 40 zinabaki. Old Fashioned tatu, mkuu, barafu na chungwa tu.

Nahodha_T
Ameomba Sour, kaka, nitampa Sour bila povu. Jagi nimeshalimwaga. Nyuzi zimenasa kwenye tundu la sinki, nazitoa kwa uma.