Mjadala: Vita vya Kagera, tungeishia Mutukula au tulifanya vyema kufika Kampala?

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Juzi nimemuudhi mzee wa watu kijiweni kwetu. Tulikuwa tunapiga kahawa, yakaja mazungumzo ya Nduli, yaani Idi Amin wa Uganda, nami nikaropoka kwamba Amin alipotolewa kwenye ardhi yetu kazi ilikuwa imekwisha, yaliyofuata ilikuwa safari ya kutafuta njaa. Mzee alikuwa mstari wa mbele mwaka 1979. Akasimama, akaondoka, kikombe kikabaki nusu.

Hoja yangu ni hii. Jeshi la Amin liliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Novemba 1 akatangaza kwamba nchi yote hadi Mto Kagera ni yake. Mwalimu akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo, nia tunayo. Hapo sina ubishi. Lakini ilipofika Januari 1979 tulikuwa tumekwishaitwaa hata Mutukula, upande wao. Kwa nini tuliendelea mpaka Kampala, Aprili 11, na kisha hadi mpaka wa Sudan mwezi Juni? Kumbukeni ni Tanzania hiihii iliyopeleka Cairo mwaka 1964 azimio la kuheshimu mipaka ya wakoloni. Gharama inayotajwa ni kama dola milioni 500. Baadaye tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18, na mikanda haijafunguliwa mpaka nimezaliwa, nimekua, nimeoa. Nishawishini.

MTOTO WA KYAKA
Mkuu, hiyo "ardhi yetu" unayoitaja ilikuwa na watu wamelala juu yake. Kwetu ni ng'ambo ya mto, upande wa Mutukula. Novemba 3 askari wa Amin wakalivunja daraja la Kyaka, ikawa aliyechelewa kachelewa. Mama alikuwa na mtoto mgongoni, akajificha migombani siku nne. Anasema kilichomtisha zaidi si mizinga, ni ng'ombe. Ng'ombe wa ranchi ya Missenyi wanaswagwa kwa maelfu kuelekea Uganda, usiku kucha wanalia kwa kukosa kukamuliwa.

Waliporudi nyumbani walikuta kuta tu. Mabati yameng'olewa, milango imeng'olewa na fremu zake, magunia ya kahawa hakuna. Bibi mpaka anakufa alikuwa akiulizia jiwe lake la kusagia: jiwe, jamani, mtu analibebea nini? Raia wapatao 1,500 waliuawa. Ukipita Kyaka leo, tazama magofu ya kanisa pale juu.

Sasa nikujibu. Kuishia mpakani tulishakujaribu. Mwaka 1972 ndege za Amin zilipiga mabomu Bukoba na Mwanza, tukaenda Mogadishu, tukatia saini, kila jeshi likarudi nyuma kilomita 10. Miaka sita baadaye ndiyo hiyo nimekusimulia. Ungekuwa wewe na mtoto mgongoni, ungemwamini mara ya pili?

MPIGA HESABU
Mtoto wa Kyaka, pole kwa bibi. Ila hiyo 1972 imalizie basi. Ndege zilikuja baada ya wapiganaji wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kuvuka kutoka kwetu kwenda kumpindua Amin, wakashindwa vibaya. Tulimpokea Obote tangu mapinduzi ya Januari 1971, tukawapa watu wake nafasi ya kujipanga. Hilo halimsafishi Amin hata kidogo, ila tusisimulie kama vile tulikuwa tumekaa zetu barazani tunabangua korosho.

Na wewe Mleta Mada, unavibebesha vita mizigo ambayo mingine si yao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa 1977, mpaka na Kenya ukafungwa, shirika la ndege likagawanywa kama mirathi ya ugomvi. Bei ya kahawa ilikuwa imepaa, ikaanguka. Tulikuwa tumemaliza kuhamisha watu vijijini, mashamba mengine yakabaki mapori. Mwaka 1979 wenyewe Iran ikawaka, mafuta yakapanda bei dunia nzima. Juu yake ukaja ugomvi na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Vita viliukuta uchumi uko kitandani, vikaung'oa dripu. Alikuwa anaumwa tangu kabla.

Mimi nilikuwa mtoto wa foleni. Unaamka saa kumi, unaweka tofali lako mstarini dukani, unarudi kulala. Tofali linakushikia nafasi. Siku moja gari lilikuja na sabuni tu, watu walikuwa wamepanga foleni ya sukari. Hakuna aliyeondoka. Halafu mwaka 1983 ikaja vita nyingine, ya wahujumu uchumi, watu wanatupa vitenge baharini usiku wasikutwe navyo. Tulimsema Nduli kwa yote hayo kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu kumsema mwingine kulikuwa na gharama.

MUUGUZI MSTAAFU
Naomba niongeze ambalo wanaume mnalipita. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, 1983. Kabla haujawa na jina la kitaalamu, watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Bado nasikia watu wazima wakisema eti ugonjwa uliletwa na vita. Hapana. Virusi vina umri mkubwa kuliko Amin na vilitoka Afrika ya Kati, ukanda wa ziwa ulikuwa navyo kabla ya risasi ya kwanza. Ila askari wengi mbali na wake zao, mpaka ulio wazi, magendo, wajane wasio na pa kushika: huo ni mkeka ulishatandikwa. Nimefanya kazi kwenye kata ambazo unabisha hodi nyumba sita mfululizo, wanaokupokea ni bibi na wajukuu. Kati hapo hakuna mtu.

MGANDA WA MASAKA
Ndugu zangu Watanzania, mnisamehe Kiswahili changu. Kwetu lugha hii ilikuwa ya mtu anayefungua mlango wako kwa teke. Baba yangu alikuwa akisikia "wewe, kuja hapa" anajua leo kuna mtu hatarudi. Kisha wakaja askari wenu, tukawaita bakombozi, wakituambia "samahani mama, naomba maji". Mama anasema alidhani ni mtego.

Msijisifu sana, lakini. Masaka mliipiga mizinga ikabaki vifusi, kulipiza ya Kagera. Ile mizinga yenu tuliita Saba Saba, na watoto wa mji wetu walijifunza kuhesabu kwa milio yake. Na baada ya miezi, baadhi ya bakombozi nao walianza kupenda saa na redio za watu. Hata hivyo ukiniuliza kama mngeishia Mutukula, nakujibu: mimi na ndugu zangu tungekuwa wachache zaidi leo. Kiswahili sasa ni lugha rasmi ya pili kwetu tangu 2005, ila Buganda wapo wazee ukiwasalimia kwacho bado wanatazama mikono yako kwanza.

MLETA MADA
Nimesoma yote. Nakubali hoja ya Mogadishu, inaniumiza. Nakubali pia kwamba Machi 1979 Walibya walipotua kumsaidia Amin, kuwaachia wakimbizi wa Uganda wammalizie wenyewe, kama ilivyokusudiwa mwanzo, hakukuwezekana tena. Basi nasogeza swali langu. Mwezi huohuo Waganda walikusanywa Moshi wakaundiwa serikali hata kabla Kampala haijaanguka. Mganda, nani aliwatuma wale?

MGANDA WA MASAKA
Sasa umeuliza. Yusuf Lule waliyemtoa Moshi alikaa ikulu siku 68. Akaja Binaisa, hajamaliza mwaka akatolewa na tume ya wanajeshi. Desemba 1980 ukafanywa uchaguzi ambao mpaka leo tunagombana nani alishinda, Obote akarudi, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Luwero kuna mafuvu yaliyokusanywa kando ya barabara baada ya vita hivyo vya pili, na mengi ni ya watu waliokuwa wamecheza ngoma kuwapokea bakombozi miaka miwili kabla. Askari wenu wengine walikuwa bado wako kwetu siku ya kupiga kura. Ukimpata yule mzee wako wa kahawa, muulize walikuwa wameambiwa walinde nini.

MLETA MADA
Kesho nitakuwa kijiweni mapema. Kahawa yake nalipa mimi.