Usiku ghalani, mchana chuo, na shabaha ni serikalini. Niahirishe mwaka?

KijanaWaMishomoroni:
Salaam alekum wakubwa kwa wadogo. Niko mwaka wa tatu, nasomea utawala wa umma hapa hapa Mombasa. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, naupata, ila ukishagusa karo kinachobaki hakivuki nusu ya mwezi, na nyumbani kuna wadogo zangu wananitazama mimi. Basi usiku nahesabu magunia kwenye ghala moja Shimanzi. Lori likiingia nasimama mlangoni na daftari, kila kuli akipita na gunia la mchele napiga mstari, wa tano naulaza juu ya minne. Hesabu ikipungua nakatwa mimi.

Muhula ujao ni atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, miezi mitatu, ofisi ya serikali, bila hata nauli. Msimamizi ananiambia nikikaa atanipa zamu ya mchana ya kudumu, nikienda nafasi ina mwenyewe. Shangazi anasema niahirishe mwaka, nikusanye pesa, kisha nirudi. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

TuktukLikoni:
Mshika mbili moja humponyoka. Chukua ya ghala. Serikalini bila mtu wa kukushika mkono utapeleka bahasha za maombi ya kazi mpaka viatu viishe soli. Shahada yangu iko ukutani, mimi niko barabarani na watoto wanakula.

BintiTudor:
Hiyo mithali kawaambie waliolipiwa karo na baba zao. Wengine tulishika tatu. Mimi jioni nilikuwa nakaanga viazi karai na mamangu, asubuhi darasani nanuka mafuta, na leo niko kwenye ajira ya kaunti. Usiahirishe. Wenzangu walioaga "mwaka mmoja tu" wengi hawakurudi. Mfuko ukishazoea pesa ya kila wiki, kurudi kuomba nauli ni mtihani kuliko mtihani wenyewe.

MzeeWaKizingo:
Mwanangu, nimestaafu kwenye masjala na ajira, bahasha nimefungua nyingi. Atachimenti usiichezee, ni sehemu ya masomo yako, na pale ofisini ndipo utakapojua faili inavyotembea. Kazi ya ghala nayo usiione haya. Watu huandika "mchapakazi, mwaminifu", msaili anapitisha jicho tu. Wewe andika kwamba ulipokea shehena usiku na hesabu yako ikalingana na stakabadhi ya dereva. Hapo atakuwa na la kukuuliza, nawe utakuwa na la kujibu.

Lakini iwe na karatasi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoondoka, maadamu umefanya kazi kwake angalau wiki nne mfululizo. Si hisani, ni haki yako.

La pili ni KRA, mamlaka ya kodi. Vijana hufungua PIN, namba ya mlipakodi, kwa ajili ya mkopo kisha wanaisahau. Ritani, yaani taarifa ya mapato yako, ni kila mwaka kabla ya 30 Juni, na ukichelewa faini ni shilingi 2,000 kwa kila mwaka uliouruka. Siku unaitwa kazini unadaiwa cheti cha kodi, cha HELB, cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi, na kadhalika, na ndipo mtu anaanza kukimbia Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, jasho likimtoka. HELB wenyewe wanakupa mwaka mmoja baada ya kumaliza, kisha usipolipa ni faini ya 5,000 kwa mwezi. Ukihitimu, tazama mpango wa Tume ya Utumishi wa Umma wa wahitimu, miezi 12, una posho.

TuktukLikoni:
Mzee, karatasi nimekuelewa. Na mtoto wa bosi je?

MzeeWaKizingo:
Yupo, sitakudanganya. Nimewaona wakipita mlango wa nyuma. Lakini Katiba, kifungu cha 232, inataka ushindani wa haki na ustahili, na aliyenyimwa anaweza kukata rufaa. Tena watoto wa mabosi hawatoshi kujaza nafasi zote, na wengi wao hawataki kukaa kaunta. Aliyekosa cheti ndiye anayemrahisishia kazi huyo bosi.

KijanaWaMishomoroni:
Shukran mzee. Tatizo ni kwamba hatujaandikwa popote. Tunalipwa Jumamosi, wengine mkononi, mimi kwa M-Pesa. Cheti atakitoa wapi?

MzeeWaKizingo:
Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo. Kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zikafika mwezi, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi, hata asipoandikwa. Usimwendee kwa ubishi lakini. Hifadhi jumbe zako zote za M-Pesa, piga picha kurasa za daftari zenye jina lako, kisha muombe barua kwa adabu, ukimwambia chuo kinaitaka. Wengi hutia sahihi wakiona haiwagharimu.

BintiTudor:
Na zamu ya mchana ikatae, hiyo ndiyo itakayokutoa chuoni. Ofisi za serikali zinafungwa saa kumi na moja. Muombe usiku wa Ijumaa na Jumamosi tu katika ile miezi mitatu. Akikataa, binamu yangu yuko yadi ya makontena Changamwe, wanatafuta karani wa wikendi. Nitumie ujumbe leo, kesho asubuhi namwona.

KijanaWaMishomoroni:
Nimeshatuma dada. Shangazi namwambia jioni, niombeeni.