Riwaya za kuwapa watoto wa P6 hadi S4 likizo hii: tupeane uzoefu

Mtunza maktaba ya shule, Masaka
Ndugu zangu, hapa Uganda muhula unaisha, na likizo ndiyo nafasi ya mtoto wa P6 (darasa la sita la msingi) hadi S4 (kidato cha nne) kusoma kitu kisichoulizwa kwenye mtihani. Tutaje riwaya kwa jina, tuseme inamfaa nani na msomaji hukwama wapi.

Nianze na tatizo lenyewe. Mwanafunzi wa S2 ana akili za miaka 14, lakini Kiswahili chake mara nyingi ni cha mwaka mmodi au miwili, kwa kuwa wengi hukikuta sekondari. Ukimpa hadithi ya sungura yenye picha kubwa, anaona umemdharau. Ukimpa *Kusadikika* ya Shaaban Robert, anakwama ukurasa wa tatu na harudi tena. Tunachotafuta ni kisa cha umri wake kilichoandikwa kwa sentensi anazozimudu.

Mwalimu wa Kiswahili, Mbarara
Mtunza maktaba umegonga penyewe. Kabla ya jina la kitabu, pima kwa vidole. Fungua katikati, kwa sababu kurasa za mwanzo mara nyingi huwa nyepesi. Hesabu maneno 100, mtoto akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole viwili au chini, asome peke yake. Vitatu hadi vitano, asome na mwenzake. Zaidi ya hapo, kitabu kisubiri mwaka mwingine.

Wengi wanakosea kwenye kuhesabu. Mtoto akikwama kwenye "hawakumwambia", muulize kwanza kama anajua "ambia". Akijua, usimkunjishe kidole. Kinachomshinda ni viambishi, na hivyo huzoeleka baada ya kurasa ishirini hivi. Kidole ni cha mzizi asioujua. Usipotenganisha hayo mawili, utamnyima vitabu vingi anavyoviweza.

Mzazi, Jinja
Walimu, wa P6 je? Kiswahili bado hana kabisa, Kiingereza anasoma vizuri.

Mtunza maktaba ya shule, Masaka
Mama, huyo mpe vitabu vya Kiingereza vya Moses, vya Barbara Kimenye. Mfululizo ulianza miaka ya 1960, na vituko vingi vinahusu wanafunzi wa shule ya bweni, kwa hiyo mtoto wa Uganda haelezwi kitu. Vitabu ni vyembamba na kila kimoja kinajitegemea, usihangaike kuvipata kwa mpangilio. Anzia chochote utakachokipata.

Mwalimu wa fasihi, Kampala
Kwa S2 na S3 wanaoanza riwaya ya Kiswahili, mimi naweka mbele *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967 ya *Animal Farm* ya George Orwell. Anayekijua kisa kwa Kiingereza anabaki na mzigo mmodi tu, lugha. Asomeshwe sura moja kwa Kiswahili, aieleze kwa mdomo, ndipo aende ya pili. Asiwe na vitabu vyote viwili mezani, maana jicho litakimbilia Kiingereza.

Baada ya hapo, *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert. Ni fupi, na ina ndoano: mtu mwema anawachapa manyani wawili kila usiku, kwa nini? Swali hilo humvusha msomaji kwenye msamiati mgumu. *Kusadikika* ina hotuba nyingi, ndiyo maana inawashinda wadogo ingawa nayo si ndefu.

S4 wapewe *Siku Njema* ya Ken Walibora. Kijana anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Sentensi ni tamu lakini zimejaa methali na nahau, kwa hiyo mtoto awe na daftari. Achague maneno matatu tu kwa kila sura ayatafute kwenye kamusi. Anayefungua kamusi kila mstari hupoteza kisa, na kisa kikipotea kitabu kimekwisha.

Mwalimu wa Kiswahili, Mbarara
Naongeza *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, kwa wanaopenda upelelezi. Lugha ni ya Unguja, na majina ya watu huchanganya. Waandike orodha ya wahusika ndani ya jalada kwa penseli, kila anayeingia na uhusiano wake. Bila orodha hiyo wengi hupotea kabla mpelelezi Bwana Msa hajaanza kufumbua lolote.

Mwalimu, Mukono
Kwa wanaoongea Luganda: waonyesheni kwanza ndugu wa maneno, *omuti* na mti, *ensi* na nchi, *okuyimba* na kuimba. Lakini waonyeni kuhusu yanayodanganya. *Okutunda* ni kuuza, lakini kutunda kwa Kiswahili ni kuchuma matunda, kwa hiyo mtoto akisoma "anatunda maembe" ataona mchuuzi sokoni wakati mtu yuko juu ya mti.

Mzazi, Jinja
Asanteni. Na vya kuangalia kabla ya kumpa?

Mwalimu wa fasihi, Kampala
Ndiyo, dada, visome wewe kwanza. *Weep Not, Child* ya Ngũgĩ inafaa S3, lakini mwishoni mhusika mkuu, Njoroge, anataka kujiua, kwa hiyo msiimalize bila mazungumzo. *Waiting* ya Goretti Kyomuhendo inasimuliwa na binti wa miaka 13, askari wa Amin wakikimbia 1979. Ni kitabu chetu na kinastahili kusomwa, ila kina vifo vya karibu, nacho ningekiweka S3 kwenda juu. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi iachieni S5. Wanaoibania wanadhani ni chafu, na si kweli. Inahitaji msomaji atakayeona kinachomwangusha Rosa, asiishie kuhesabu makosa yake.

Muuza vitabu, Kampala
Moja la dukani. Vitabu vingi hufungwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo fungu likikosekana kurasa huruka kwa hesabu hiyo: 48 halafu 65. Pitisha kidole gumba kwenye namba zote kabla ya kulipa, na uangalie kurasa zilizofifia. Gundi ikiwa imekauka, toboa matundu matatu sentimita moja kutoka mgongoni, ushone kwa uzi wa nailoni, ndipo uweke jalada la plastiki. Ukitanguliza jalada itabidi ulichane.