Kuvuka Hifadhi ya Mikumi kwa baiskeli, naombeni ushauri

Mzigo Nyuma:
Wakuu, habari zenu. Mwezi wa nane natoka Dar kwenda Mbeya kwa baiskeli, zaidi ya kilomita 800, peke yangu. Mlima Kitonga nimeshaufanyia mazoezi. Kinachoninyima usingizi ni zile kilomita 50 hivi za barabara kuu zinazokatiza Hifadhi ya Mikumi. Nikiwa kwenye basi nimewahi kuona tembo hatua chache kutoka kwenye lami. Natamani njia yote niipige pedali mwenyewe, nisiruke hata kipande. Inawezekana? Nipite saa ngapi? Nikiwa na mzigo naenda kilomita 15 hadi 18 kwa saa.

Spoki 36:
Nimepita mara mbili, mkuu. Lala Doma, kijiji cha kabla ya kuingia hifadhini ukitokea Dar, ila asubuhi usitoke mapema. Najua sisi waendesha baiskeli tunapenda kukimbia jua, lakini alfajiri simba wanakuwa bado kwenye mawindo. Ingia kama saa mbili na nusu, vumilia joto, saa sita uwe umetoka. Agosti ni kiangazi, nyasi fupi, unaona mbali. Masika nisingekushauri kabisa.

Tembo ndio wa kuwaheshimu. Safari yangu ya pili nilikuta kundi linavuka, nikasimama mbali, kama mita 150. Wakubwa walimaliza kuvuka, nikaweka mguu kwenye pedali. Nikasikia tawi linavunjika kulia kwangu: jike na mtoto wake walikuwa bado kichakani. Akatanua masikio, akatikisa kichwa. Nilirudi kinyumenyume nikiikokota baiskeli, kinywa kimekauka, mpaka lori likaja nikajificha ubavuni mwake. Baiskeli haina mlio, mnyama anakushtukia ukiwa umeshamfikia. Piga kengele, ongea, imba.

Dereva wa Tunduma:
Ndugu yangu, mimi napita hapo kila wiki na semi. Kinachonitia hofu juu yako ni sisi, kuliko hata simba. Semi mbili zikipishana, nafasi ya baiskeli haipo. Na kwenye matuta angalia sana: madereva wengi wanapeleka tairi za kushoto nje ya lami ili gari lisiruke, na huko kushoto ndiko uliko wewe. Ukifika kwenye tuta tazama nyuma kwanza. Funga kioo kwenye usukani, vaa kizibao kinachong'aa. Ukisikia honi mbili fupi, shuka pembeni, usibishane.

Mwenyeji Mikumi:
Karibu kwetu. Naomba niongezee kidogo kwa aliyosema Spoki. Kupita kwenye lami si tatizo, hiyo ni barabara ya umma na hulipi kiingilio. Lakini ukikutana na askari wa wanyamapori akakwambia pakia baiskeli kwenye gari, pakia. Yeye anajua usiku uliopita simba wameua wapi. Niliona kijana mmoja akibishana nao karibu nusu saa kwa sababu hiyo hiyo ya kutoruka kipande, nikamhurumia, maana jua lilikuwa linazidi kushuka.

Usivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazifuata rangi hizo, na wanafuata kitu kinachotembea. Chakula kifungie ndani kabisa ya mabegi. Nyani wakiona ndizi kwenye kariya watakusimamisha wao.

Mzigo Nyuma:
Asanteni sana. Mwenyeji, hilo la kupakia limeniuma, lakini nimekuelewa. Je, nikipata pancha katikati?

Spoki 36:
Usikae kuziba na pachi. Beba mpira wa ndani mzima, badilisha, ondoka. Jizoeze nyumbani kulitoa gurudumu la nyuma ukiwa umesimama, macho yako porini. Ikizidi dakika kumi, punga mkono gari lolote. Na simba akitokea usikanyage pedali kukimbia, ukikimbia unamwamsha akufukuze. Shuka, iweke baiskeli katikati yenu, rudi taratibu ukimtazama.

Dereva wa Tunduma:
Taja tarehe ukishaijua. Kama nitakuwa njiani nitakutafuta Doma asubuhi, nikufuate nyuma na taa za hatari hadi uvuke lile eneo la katikati. Kwa mwendo wako nitachelewa saa moja na kitu tu.

Mzigo Nyuma:
Kaka, Mungu akubariki. Natoka Dar tarehe 9, Doma nategemea kufika tarehe 12 jioni. Kizibao nanunua kesho, na ile jezi yangu ya bluu inabaki nyumbani.