Mjadala: Amplifaya za vali kwa hedifoni ngumu, tunalinganisha vali au transfoma?

Mtoa hoja

Nauleta mjadala huu kwa sababu kila zinapolinganishwa amplifaya za vali (balbu za kioo zinazokuza umeme wa sauti) za daraja la juu, mazungumzo huishia kwenye majina ya vali. Tunaambiwa kuwa 300B ina utamu katika sauti za waimbaji, 2A3 ni nyepesi na yenye wepesi wa kujibu, 845 ina misuli, na EL34 iko katikati. Mtu aliyekuja akitafuta chombo cha kuendesha hedifoni kama HiFiMan Susvara huondoka na sifa za balbu mkononi, ilhali hakuna aliyemweleza ni volti ngapi na miliampia ngapi zitakazofika kwenye hedifoni yake. Hoja yangu ni kwamba jina la vali ni jambo la tatu au la nne katika ulinganisho huo. La kwanza ni namna vali inavyounganishwa na hedifoni, na hapo ninamaanisha hasa transfoma ya kutolea sauti, yaani mizunguko miwili ya waya juu ya kiini cha chuma inayokaa kati ya vali na hedifoni.

Neno "ngumu" lenyewe linahitaji kufafanuliwa, maana linafunika mambo mawili yasiyofanana. Hedifoni ya Sennheiser HD 800 ina impidansi (ukinzani dhidi ya umeme wa sauti) ya omu 300, na hutoa desibeli 102 ikipewa volti moja. Susvara ina omu 60, na usikivu wake ni desibeli 83 kwa miliwati moja. Tuseme tunataka kila moja ifike desibeli 110 pale muziki unapopanda kwa ghafla, kwa mfano ngoma kubwa ya okestra inapopigwa (si kiwango cha kusikiliza mfululizo, na mwenye kujali masikio yake asijaribu). HD 800 itahitaji volti 2.5 na miliampia 8 hivi, yaani miliwati 21. Susvara itahitaji volti 5.5 na miliampia 91, yaani nusu wati nzima. Zote mbili tunaziita ngumu, lakini ya kwanza inaomba volti tu na mkondo inauonja, wakati ya pili inataka vyote kwa pamoja. Vali, kwa maumbile yake, ina volti tele na mkondo haba.

Ndiyo maana amplifaya zisizo na transfoma ya kutolea, zile zinazojulikana kama OTL, huwagawa watu. Feliks Audio Euforia na Bottlehead Crack ni za ukoo huo, na zote hutumia vali za jamii ya 6AS7 au 6080, ambazo ziliundwa kudhibiti umeme na hivyo hupitisha mkondo mkubwa kuliko vali za kawaida. Ukizifunga na HD 800 hutakuwa na malalamiko. Lakini Crack ina impidansi ya kutolea ya takriban omu 120; ukiiunganisha na hedifoni ya omu 60, theluthi mbili za volti hubaki ndani ya amplifaya yenyewe. Anayesema "nilijaribu vali kwa Susvara, nikaona imepwaya" mara nyingi amejaribu OTL.

Transfoma hubadilisha hali hiyo kabisa. Vali ya 300B hupenda kuona mzigo wa omu 3,500 hivi. Ili omu 60 za hedifoni zionekane hivyo, mizunguko ya waya upande wa vali inapaswa kuwa mara 7.6 ya ile ya upande wa hedifoni. Volti hugawanywa kwa 7.6, na mkondo huzidishwa kwa kiasi hichohicho. Impidansi nayo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha namba hiyo, ambacho ni 58. Kwa kuwa ukinzani wa ndani wa 300B ni omu 700, hedifoni itaona omu 12 tu, ukiacha ukinzani wa waya wenyewe. Fanya hesabu hiyohiyo kwa 2A3, yenye omu 800 na mzigo wa omu 2,500, utapata omu 19. Vali mbili ambazo huzungumzwa kama mbingu na ardhi zimesogezwa na transfoma hadi zikawa majirani.

Basi ugumu wote umehamia kwenye chuma na shaba. Katika amplifaya ya vali moja kwa kila upande, mkondo mnyoofu (DC) wa vali hupita ndani ya transfoma muda wote, na chuma kingejaa sumaku kama mwundaji asingeacha mwanya mdogo wa hewa katika kiini. Mwanya huo hupunguza uwezo wa kubeba besi, kwa hiyo kiini hukuzwa na mizunguko huongezwa; mizunguko ikizidi, sauti za juu nazo huanza kuvuja njiani. Kumpata fundi anayefikisha hezi 20 bila kuziua hezi 20,000 ndiko kunakogharimu. Woo Audio WA5, Cayin HA-300 na Feliks Audio Envy zote hutumia 300B. Kama jina la vali lingekuwa ndilo linaloamua, kusingekuwa na haja ya kuzilinganisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa hoja, hesabu zako sizipingi, bali napinga mahali unapozipeleka. Ikiwa kipimo ni volti 5.5 na miliampia 91, basi mjadala umekwisha kabla haujaanza, kwa sababu amplifaya ya transista yenye ukubwa wa kitabu hutoa nusu wati hiyo bila kutoa jasho, haichomi wati 6 kwa kupasha joto uzi wa kila vali kama ifanyavyo 300B, na huwezi kuichunguza kwa masikio ukagundua upotoshaji wowote. Anayenunua 300B hajanunua nguvu. Amenunua sauti, na sauti hiyo inatoka kwenye vali.

Nina ushahidi wa nyumbani. Amplifaya yangu ina transfoma zilezile tangu siku niliyoitoa kwenye sanduku. Nilipotoa jozi ya 300B niliyoitumia kwa miaka kadhaa na kuweka jozi mpya, rekodi ya kinanda ninayoijua nota kwa nota ilibadilika: mkono wa kushoto ulikaza, na mwangwi wa ukumbi ukasikika upande wa kulia ambako hapo awali haukuwepo. Transfoma haikuguswa. Uniambie ni nini kilichobadilika.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja, nalo linawaunga mkono wapenzi wa vali. Hedifoni zenye usikivu mdogo huficha mvumo. Amplifaya ileile inayonguruma kwenye hedifoni yenye usikivu mkubwa inakuwa kimya kabisa kwenye Susvara, kwa sababu kelele nayo inahitaji miliwati ili isikike. Kwa hiyo vali na hedifoni ngumu si wachumba waliolazimishwa kuoana, kama unavyotaka tuamini.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni fundi wa kuunda amplifaya, na naomba niongeze jaribio moja ambalo yeyote mwenye chuma cha kulehemu anaweza kulirudia. Nilichukua amplifaya ya transista yenye impidansi ya kutolea iliyo chini ya omu moja, nikatengeneza kiungo kifupi chenye rezista ya omu 120 kwa kila upande, kisha nikakifunga kati yake na HD 800. Nilipima volti kwenye ncha za hedifoni kwa toni ya hezi 400, nikasawazisha sauti pande zote mbili, yenye kiungo na isiyo nacho, kwa kuwa tofauti ya sehemu ndogo tu ya desibeli hutosha kumfanya mtu apende iliyo juu bila kujua kwa nini.

Wasikilizaji wawili waliozoea vali walisema, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba yenye rezista ndiyo ya vali. Sababu si siri. Impidansi ya HD 800 hupanda hadi kupita omu 600 karibu na hezi 100, na rezista ya omu 120 inapokaa mbele yake, eneo hilo hupata volti zaidi kuliko sauti za kati, yaani desibeli moja na kidogo ya ziada. Ndiyo hiyo "joto" inayosifiwa.

Nilirudia kwa Susvara. Hedifoni za utando bapa, kama hiyo, zina impidansi iliyonyooka kama rula, kwa hiyo rezista iliteremsha kiwango cha sauti na haikufanya lingine. Baada ya kusawazisha, hakuna aliyeweza kusema ni ipi yenye kiungo. Sehemu kubwa ya utamu tunaousimulia kuhusu vali tumeujifunza kwenye hedifoni za omu 300, na hauhamii kwenye utando bapa kwa sababu tu tumetumia balbu ghali.

Mtoa hoja

Nawashukuru wote wawili, na nianze na ninapokubali. Transista inatosha kwa nusu wati, hilo silikwepi, na hoja ya mvumo ni ya kweli, nilipaswa kuitaja.

Kuhusu jozi mpya ya 300B, ndugu yangu, swali lako lina jibu. Vali inapochakaa, ukinzani wake wa ndani hupanda na mkondo wake hushuka, na ni nadra vali mbili kuchakaa kwa usawa. Jozi yako ya zamani huenda ilikuwa ikitoa sauti kubwa kidogo kushoto kuliko kulia. Ulipoweka jozi iliyolinganishwa, picha ya sauti ilirudi katikati, na mwangwi wa kulia ukajitokeza. Ulisikia kweli. Lakini ulilinganisha 300B iliyochoka na 300B nzima, na hilo halituambii chochote kuhusu 300B dhidi ya 2A3.

Linalonitatiza ni dai kwamba tunanunua sauti ya vali, yaani upotoshaji wake mtamu. Vali moja ya 300B hutoa wati 8 hivi, na Susvara inataka nusu wati kwenye vilele, yaani robo ya urefu wa mawimbi ambayo amplifaya inaweza kuyatoa. Katika mzunguko wa namna hii, hamoniki ya pili (sauti ya ziada yenye masafa mara mbili ya ile ya asili), ambayo ndiyo chanzo cha utamu huo, hupungua karibu sambamba na urefu wa mawimbi. Tunapopanda kutoka 2A3 yenye wati 3.5 kwenda 300B, na kutoka hapo kwenda 845 yenye volti 1,000 kwenye anodi, kwa kiwango kilekile cha kusikiliza tunaisogeza vali mbali zaidi na pale inapoanza kutoa rangi yake. Tunalipa zaidi ili tuisikie kidogo.

Kwa hiyo naomba wanaoendelea kuchangia wafanye jambo moja kabla ya kusifu balbu yoyote. Mwenye amplifaya yenye matundu mawili ya kutolea ya transfoma, la omu 32 na la omu 300 kwa mfano, aunganishe hedifoni yake ya utando bapa kwenye kila moja, asawazishe kwa multimita kama alivyofanya fundi wetu, kisha aandike anachosikia kwenye besi na kwenye matoazi, pamoja na volti alizopima. Vali zitakuwa zilezile. Matokeo yangu nitayaleta pia, kwa sababu nimeshaagiza waya za kiungo na sijui bado masikio yangu yataniunga mkono.