Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kuandaa na kutoa mahubiri?

Mwanzisha mada
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba tupeane uzoefu, hasa sisi ambao hatujapita chuo cha Biblia, tumejifunzia mimbarani. Naanza mimi. Mara ya kwanza nilipewa dakika 20, nikaenda na mistari 14, Mwanzo, Zaburi, Warumi, Ufunuo, yani kila nilichokipata kwenye itifaki (kile kitabu cha kutafutia mistari ya Biblia kwa neno) nikakiweka, nikamaliza dakika ya 50. Baada ya ibada nikamfuata mzee mmoja wa kanisa ananipenda sana, akasema mwanangu umehubiri vizuri, Mungu akubariki. Nikamuuliza, mzee wangu umeondoka na nini? Akanyamaza. Akaangalia chini, akanishika bega, akaondoka. Kile kimya chake ndo kilinifundisha. Tangu siku hiyo siandiki kitu mpaka niweze kulisema somo langu kwa sentensi moja, isiyo na "na pia" ndani yake. Kuna wiki inakuja jumatatu, kuna wiki inakuja ijumaa usiku nimeshachoka kabisa.

Mwalimu wa vijana
Kosa langu mimi lilikuwa kuubeba mstari nikaacha majirani zake. Vijana walikuwa wanakaribia mtihani nikawahubiria Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", nikawaambia mtafaulu wote, shangwe kanisa zima. Matokeo yakatoka, binti mmoja akafeli, akanifuata akaniuliza, kwa hiyo mwalimu mimi Mungu hakunitia nguvu? Sikuwa na jibu jamani. Nikarudi kusoma kuanzia mstari wa 10, kumbe Paulo yuko kifungoni anaongelea kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, nguvu anayoisema ni ya kusimama kwenye hali zote mbili. Nikamtafuta yule binti nikamwomba msamaha, tukasoma naye taratibu mstari kwa mstari, akalia na mimi nikalia. Siku hizi nasoma sura nzima mara 3 au 4 kabla sijagusa kitabu chochote cha maelezo. Yeremia 29:11 hivo hivo, ile ni barua kwa watu waliohamishwa Babeli na mstari wa 10 unataja miaka 70, ukihubiri ahadi ukaiacha hiyo miaka umewasomea watu nusu ya barua.

Dada wa maombi
Mimi somo naandaa vizuri tu, shida ilikuwa kutoa. Nikajirekodi kwa simu nikahubiri peke yangu chumbani, nikasikiliza. Dakika 25 nimesema "amina?" mara 61, na kila nikifika sehemu nzito napandisha sauti mpaka maneno hayasikiki. Sasa nahubiri kwa sauti chumbani angalau mara 2 kabla ya siku yenyewe, sentensi inayonikwaza ulimi naikata inakuwa mbili. Afu noti zangu ni ukurasa mmoja, herufi kubwa, nilipokuwa naandika kila neno nilikuwa nasomea watu karatasi, macho yao siyaoni.

Mzee kijana
Dada hapo kwenye macho umenigusa. Nilikuwa nahubiri Marko 4, Yesu anatuliza dhoruba, nikasoma "Naye mwenyewe alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto", nikapita haraka kwenda kwenye dhoruba. Nikamwona mtoto mstari wa mbele amekunja uso hanisikilizi tena. Baadaye akaniuliza, walikuwa baharini au mtoni, na mtu anawezaje kulala juu ya maji ya mto? Nikaelewa kuwa tangu pale mpaka mwisho alibaki amekwama kwenye neno moja. Nikamwambia ni mto wa kulalia, wa kuwekea kichwa, na shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo. Akatabasamu akasema, kumbe alikuwa amechoka! Na hiyo ndo picha niliyotakiwa kuwapa watu wote, Bwana aliyechoka mpaka dhoruba haimwamshi. Nehemia 8:8 inasema wakasoma, "wakaeleza maana yake, hata wakayafahamu yaliyosomwa." Nayapigia mstari maneno magumu kabla sijapanga kitu kingine.

Mwalimu wa vijana
Na msibani mie naongea dakika 5 tu. Yohana 11:35, Yesu akalia machozi. Wafiwa hawawezi kubeba zaidi ya hapo.

Mgeni
Shalom watumishi. Nimepangiwa jumapili ijayo, mara yangu ya kwanza, Luka 15. Nimeandika kurasa 9 na bado sijafika kwa mwana mpotevu, naogopa sana.

Mwanzisha mada
Karibu mpendwa, hofu hiyo tunaijua wote. Luka 15 ina mifano 3, usiibebe yote siku moja. Chukua ule wa shilingi, mistari mitatu tu, 8 mpaka 10. Mwangalie yule mama, anazo shilingi 10 imepotea moja, anawasha taa, anafagia, anatafuta kwa bidii. Kaa naye leo na kesho bila kalamu, afu tuandikie sentensi yako hapa.

Mgeni
Nimekaa naye. Nimepata hii: Mungu anamtafuta mmoja aliyepotea kama vile hana wengine tisa. Ni ndefu?

Mwanzisha mada
Inatosha kabisa. Zile kurasa 9 ziweke pembeni, anza upya na hiyo.