Mota ya ukubwa gani kwa mashine ndogo ya kukereza chuma?

Mkaazi wa Chake Chake:
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nimepata mashine ndogo ya kukereza chuma, iliyokwishatumika na isiyo na mota, ambayo huweza kuzungusha kipande cha kipenyo kisichozidi milimita 180. Nakusudia kukereza bushi za shaba na shafti fupi za chuma laini. Muuzaji ananishauri nichukue mota ya hp 2 (nguvu farasi mbili) ili isielemewe, nami nina umeme wa fezi moja. Je, ushauri huo una msingi?

Fundi, Mwanakwerekwe:
Waalaykum salaam. Hp 2 ni nyingi mno. Ukikata chuma laini kwa kina cha milimita 1, kisu kikisogea milimita 0.1 kwa kila mzunguko, na chuma kikipita kwenye kisu kwa mwendo wa mita 25 kwa dakika, kazi hiyo inahitaji kama wati 100 hivi. Ukiongeza kinachopotea kwenye mkanda na beringi, hp 1/2, yaani wati 370, inatosha. Mota kubwa kupita kiasi huvuta umeme mwingi inapowashwa, na kisu kikinasa huvunja meno ya giya, kwa sababu haikubali kusimama. Mkanda nao usiukaze sana, kisu kikinasa bora uteleze.

Msomaji wa Wete:
Naafiki, ila mimi ningechukua hp 3/4 yenye kapasita ya kuanzia, ile inayoipa mota nguvu ya ziada inapowashwa. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 184, msukumo wa mota wa kuzungusha hubaki asilimia 64 tu, kwani hupungua kwa mraba wa volti. Tazama pia kibao cha maelezo kilicho juu ya mota: chagua ya mizunguko 1,400 kwa dakika, si 2,800, na iwe imefunikwa kabisa, feni ikiwa nje, kwa ajili ya vumbi la chuma na hewa ya chumvi.

Mkaazi wa Chake Chake:
Ahsanteni sana. Na mota ya fezi tatu yenye inveta, yaani kifaa cha kuipa umeme wa fezi tatu na kubadili mwendo wake?

Fundi, Mwanakwerekwe:
Inafaa sana, mradi inveta iwe ya kupokea fezi moja, na kibao cha mota kionyeshe volti 230/400, nawe uiunge kwa delta, yaani muungo wa pembetatu, ule wa volti 230. Lakini puli usiziondoe. Shafti ya milimita 50 inataka mizunguko 160 hivi kwa dakika. Ukiipata kwa inveta peke yake, mota itapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake na feni yake haitaipoza. Punguza mwendo kwa puli na giya kwanza, kisha inveta iwe ya kurekebishia tu.